Aliyefungua Chumba cha Baridi

Haya yalimpata binti wa jirani yetu, yule tuliyezoea kumwita Fundi, na yalianza siku ya kawaida kabisa, jua limewaka, yeye na chai yake mezani. Alikuwa akitunza kompyuta katika nyumba moja ya kuhifadhia maiti. Kazi yenyewe alitafutiwa na mjomba wake, mhudumu wa chumba cha baridi, aliyemsemea kwa meneja mpaka koo likamkauka.

Fundi alikuwa ametengeneza mfumo wa kuwapunguzia wafiwa usumbufu. Ndugu anajaza jina la marehemu kwenye simu yake, anaweka linki ya picha, na mashine ya ofisini inakwenda yenyewe kuichukua picha hiyo na kuionyesha kwenye skrini ya mapokezi. Aliyemfundisha kazi alimwonya: mashine iambiwe mahali inaporuhusiwa kwenda, basi. Fundi akajaribu. Wafiwa wakalalamika kwamba picha hazitokei, akachoka nao, akaiachia iende popote inapotumwa.

Na popote ni popote. Kufuli la chumba cha baridi lilikuwa la umeme, nalo lilitii amri yoyote iliyotoka ndani ya jengo bila kuuliza nani kasema. Mtu wa nje hakuweza kulifikia. Lakini aliweza kuandika anwani ya kufuli pale pa linki ya picha, na mashine, kwa utiifu wa msukule, ikaenda kumfungulia.

Asubuhi ile ya chai, mlango wa chumba cha baridi ulikutwa wazi. Kesho yake ukafunguka mchana kweupe, wafiwa wamejaa kwenye mabenchi. Ulisogea taratibu, ubaridi ukawapita miguuni, na ndani hapakuwa na mtu aliye hai. Mama mmoja alizimia.

"Ni yule mzee mhudumu," watu wakanong'onezana. "Anachezea maiti."

Fundi alifungua kumbukumbu za mashine, akaona. Pale pa picha paliandikwa anwani ya kufuli. Mhuni fulani, huko aliko, alikuwa akijifurahisha. Aibu ikamshika. Akaliziba tundu lile la mfumo palepale, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Atasema, alijiambia, meneja akishatulia.

Jioni hiyo mjomba alifukuzwa. Alipita mezani kwa Fundi akiwa na koti lake la sufu la kahawia, lile la kazini, lenye kiraka kiwikoni.

"Mjomba..."

"Wewe fanya kazi yako, mwanangu," alinong'ona mzee. "Usije ukachafuka jina kwa ajili yangu."

Fundi akarudisha macho kwenye skrini. Akamwacha aende.

Kilichomuumbua mbele ya nafsi yake ni kwamba tangu siku ile mlango haukufunguka tena. Watu wakapata ushahidi wao. Mchawi kaondoka, uchawi umekoma, wataka nini tena? Mtaani mjomba akawa hasalimiwi. Akipita, watoto wanaitwa ndani. Fundi aliyasikia yote, akainamia kibodi yake. Kila siku alipanga kusema kesho. Aibu ilimla mpaka akawa hawezi kujitazama kwenye kioo cha chooni.

Mchana mmoja ikamshinda. Aliichomoa mashine ukutani, akaizungushia waya wake na kuipakata, ampelekee meneja amweleze kila kitu. Alikuwa ndiyo kwanza anainuka aliposikia.

Ka!

Kufuli limeachia.

Mashine ilikuwa mikononi mwake. Imezimika. Korido tupu. Ubaridi ukamfikia vidoleni.

"Nani?" alinong'ona.

Aliiweka mashine mezani.

Alisogea. Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa wazi. Akachungulia. Makabati yote yamefungwa. Kiti cha mhudumu hakina mtu. Ukutani, kwenye msumari wa zamani, limetundikwa koti la kahawia.

Alilishika. Kiraka kiwikoni. Kwapani lilikuwa na joto.

Simu yake ikaita. Alikuwa mke wa mjomba.

"Njoo nyumbani, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mjomba wako ametutoka sasa hivi, hapahapa kwenye kiti chake. Na mimi sielewi. Alikuwa amevaa koti lake. Nimegeuka kumchotea maji tu, koti silioni."

Siku hiyohiyo Fundi alisema, mbele ya meneja na wafanyakazi wote, akilia bila kuficha uso. Waliokuwa wakinong'ona waliinamisha vichwa makaburini. Kufuli la umeme likang'olewa, likawekwa komeo la mkono. Koti alilipeleka mwenyewe kwa mke wa mjomba, likakunjwa, likafungiwa sandukuni.

Asubuhi iliyofuata mhudumu mpya alilikuta kwenye msumari wake.

Siku hizi hakuna anayeliondoa. Fundi huingia mle kabla ya kuanza kazi, akaushika mkono wa koti na kusema alichopaswa kusema mzee angali anasikia: "Mjomba, ni mimi." Kisha anaingiza kiganja kwapani, anasubiri. Mpaka leo halijapoa.