Pamba Isiyochomwa

Tumbo la godoro lilipanda kidogo, likashuka. Kimbaumbau aliliona vizuri, maana alikuwa amelikodolea macho kwa uchovu, na karakana nzima haikuwa na upepo wa kutikisa hata uzi.

"Shangazi," aliita kwa sauti ya chini. "Linapumua."

"Pumua wewe kwanza, umalize kushona mdomo wake," shangazi alijibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Mwenyewe anakuja mchana huu."

Jina la Kimbaumbau alipewa na huyo huyo shangazi kwa wembamba wake, na kwa kweli hata shazia, ile sindano nene ya magodoro, ilikuwa na mwili kumshinda. Binti huyo alijua kilichomo ndani ya godoro. Karakana yao ilikuwa na mwiko mmoja tu: pamba ya godoro alilofia mtu huchomwa. Juzi lililetwa godoro la marehemu mmoja, ndugu zake wakaomba lichomwe. Lakini pamba mpya ilikuwa imeadimika, shangazi yuko hoi, na Kimbaumbau alipoambiwa aichambue ile ya marehemu aichanganye humo, aliinamisha kichwa akaichambua. Tangu siku hiyo usingizi wao haukuwa na faida. Walilala wamechoka, wakaamka wamechoka zaidi.

Alichoma shazia. Harufu ya dawa ya kuchua na jasho la mgonjwa ikamjaa puani, kisha sauti ikatoka kwenye pamba, ya upole kabisa.

"Shona, mwanangu. Yule alikufa, mimi sikufa. Nilimlalia mpaka akaisha. Nikiondoka na mwenye godoro, mtapumzika. Nikibaki, nitalala kwako."

Mara mlango ukasukumwa, akaingia mwenye godoro, dada mmoja mwenye mimba pevu, mkono kiunoni.

"Jamani, mgongo wangu!" alicheka. "Mnipe hilo godoro. Huyu akizaliwa, angalau alale pazuri."

Shangazi alimsogelea Kimbaumbau, akamnong'oneza sikioni. "Nami nimelisikia. Nyamaza. Nimechoka, mwanangu, acha liende."

Mungu amsamehe, Kimbaumbau alitaka liende. Alitaka kulala usiku mmoja tu kama watu, na kope zikawa zinamvuta chini, na sauti ikawa inamhesabia pumzi, na yule dada akawa analipapasa godoro huku akilisifia ulaini wake, na kila alipopapasa pamba iliinuka kuufuata mkono wake, ikiupita mkono, ikitafuta tumbo, mpaka Kimbaumbau akaona chini ya kitambaa umbo la shavu linajibandika pale mtoto alipo, likitulia, kama lililofika nyumbani.

Alinyakua mkasi, akalipasua godoro toka mdomoni mpaka miguuni.

"Usilichukue, dada! Pamba yake ni ya maiti. Mimi ndiye niliyeitia."

Dada yule alirudi nyuma, mikono yote tumboni. Hakuuliza swali wala kutoa shukrani. Alitoka akiwatukana mpaka barabarani, na majirani wote wakasikia.

Waliichoma pamba uani jua likiwa bado kali. Shangazi alisimama anaangalia moto, machozi yanamtoka, hasira imeshindwa hata kuja.

"Nani atatuletea kazi tena?" aliuliza.

"Sijui, shangazi."

"Ningekuwa mimi, ningeshona."

"Najua."

Kimbaumbau hakujuta. Alimfikiria yule mtoto, moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu juzi. Akaingia ndani, akajinyoosha kwenye mkeka ili apumzishe mgongo, akafumba macho.

Nyuma yake mkeka ukachakarika kama umelaliwa na mtu. Pumzi ya uvuguvugu ikamgusa shingoni.

"Sogea kidogo," sauti ile ile ya upole ikasema.

Alikuwa amechoka mno kupiga kelele. Akasogea.