Nilimwambia Mwenye Mtumbwi, "Tumekwisha"

Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, na ninauza unga na sukari katika duka la mjomba wangu hapa Garsen. Naitwa Rahabu. Wasomaji wenzangu, mkasa huu ulinipata mwaka wa tisini na nane, maji ya mafuriko yalipoanza kurudi mtoni... na nimeunyamazia mpaka leo.

Tulikuwa marafiki watano, wote wa kwaya moja. Jumamosi hiyo tulipanga kutembea kando ya Mto Tana, upande wa ng'ambo, kisha tuvuke kwa mtumbwi tukale chakula cha mchana kwenye baa moja mjini. Kwaya gani hiyo inayoishia baa? Mama aliniuliza hivyo hivyo. Lakini hakuna aliyejua kukaanga kambare kama mwenye baa ile, na chupa zetu zilikuwa za soda. Nyingi zilikuwa za soda.

Alikuwepo Yona, kijana niliyempenda kimyakimya. Aliyejua siri hiyo ni Esta peke yake, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Esta alikuwa fundi cherehani. Hata gauni nililovaa siku hiyo alinishonea yeye. Wengine wawili walikuwa Jilo na mkewe.

Njiani Esta na Yona walibaki nyuma wakinong'ona. Nikipunguza mwendo, wananyamaza. Mara nikamsikia Esta akimwambia, "Usimwambie bado. Ngoja tukae mezani kwanza."

Jamani! Rafiki yangu mwenyewe? Tangu hapo sikuona mto wala mashamba. Niliona uso wa Yona na meno ya Esta akicheka, basi.

Tulipofika kivukoni, mwenye mtumbwi alituonya tusiguse maji hata kwa kunawa, maana mafuriko yalikuwa yameleta mamba hadi pale. Mtumbwi ulichukua watu watatu tu. Yona, Jilo na mkewe wakatangulia, na walipofika upande wa pili wakaenda zao kuagiza chakula. Mimi na Esta tukangoja zamu yetu.

Mtumbwi uliporudi, tukaanza kuteremka. Tope likaninasa, ukanda wa kiatu ukakatika, mguu ukatoka mtupu, kiatu kikabaki. Esta akasema, "Tangulia shoga, nitakuletea," akarudi kukichimbua. Nikashuka peke yangu.

"Mmekwisha?" mwenye mtumbwi akaniuliza, maana hakuwa ametuhesabu.

Niligeuka. Majani marefu yalikuwa yakitikisika, na nilijua ni nani aliyekuwa nyuma yake.

"Tumekwisha," nikamjibu.

Nilitaka aikose ile meza tu. Naapa sikutaka zaidi ya hapo! Mzee alinivusha, akaufunga mtumbwi upande wetu, akaenda shambani kwake.

Kule baa niliwaambia Esta anakuja, amesimama kumsalimia shangazi yake. Sahani tano zikaletwa. Nikaushikilia uongo wangu hivyo hivyo, mguu mmoja mtupu nimeuficha chini ya meza. Yona hakutaka kula. Aliangalia mlango, akaangalia saa, akaangalia mlango tena. Mke wa Jilo akaifunika sahani ya Esta kwa sahani nyingine ili samaki asipoe. Nusu saa ikapita...

Mwisho Yona akacheka kwa aibu. Alisema hawezi kungoja tena. Alikuwa amemwomba Esta amsemee kwangu, kabla hajawatuma wazee nyumbani kwetu. Esta ndiye aliyepaswa kunipa habari hiyo pale mezani.

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nikawaambia yote. Nilimwona Yona akinitazama kana kwamba hanijui.

Tulikimbia hadi mtoni, tukamwita mzee kutoka shambani. Mzee alipotuvusha, tulikuta wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe wamemzunguka mtu chini. Esta alikuwa amengoja, ameita, kisha akajaribu kuvuka kwa kushika mti ulioangukia majini. Mamba alimkamata mkono wa kulia. Wale wafugaji walimpokonya kwa fimbo zao.

Mmoja wao akatuuliza, "Hii msichana naita Rahabu, Rahabu tu. Rahabu iko wapi?"



Esta alipona, lakini mkono ulikatwa juu ya kiwiko. Cherehani yake iliuzwa. Yona alihamia Malindi, na hakuna mzee aliyewahi kutumwa kwetu. Mwezi mmoja baadaye dada yake Esta aliniletea mfuko. Ndani yake kilikuwemo kiatu changu, kimeoshwa, na ule ukanda uliokatika umeshonwa. Umeshonwa vibaya, kwa mkono wa kushoto.

Ndugu zangu, ukimshuku rafiki yako, muulize pale pale, hata kama mtagombana mbele za watu. Usimwadhibu kwa kosa ulilomtungia kichwani mwako. Na mtu akikuuliza kama nyote mmevuka, nakuomba, geuka nyuma uangalie, kisha useme kweli.