Njaa ya Kubikulamu

Siku ile mjinga alikuwa Nadir, na tusihangaike kumtafuta mwingine. Alikuwa jikoni kwake Herndon, simu sikioni, akirudishiwa maneno yake mwenyewe na mchumba wake Yumna.

"'Habibti, jana nilishiba kweli mle kubikulamu mwenu. Leo nina njaa tena. Nije lini?' Nadir, hayo umeyaacha kwenye mashine ya ujumbe ya simu ya kwetu?"

"Ndiyo! Nilitaka wazee wajue na mimi nawafahamu hao Warumi wako wa chuoni."

"Baba alikuwa sebuleni na Ami Fuad. Mashine inapiga kelele, wote wanakusikia!"

"Si vizuri? Nimesifu."

"Kubikulamu ni chumba cha kulala, Nadir!"

Nadir aliibandua simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Cha... si cha kula?"

"Cha kulala! Ami Fuad kauliza kubikulamu ndiyo nini, na Mama kajibu kabla hajafikiri. Si ndiye aliyenisaidia kugundisha ile nyumba ya Kirumi ya darasani? Vyumba vyote anavijua."

"Yallah!"

"Na jana baada ya chakula Baba alikwenda kujinyoosha. Sasa anadhani alipolala yeye, na sisi... Umeni-embarrass, Nadir! Kasema Jumapili hapokei posa ya mtu."

"Nakuja."

"Usije!"

Alikuja. Barabara kuu ya Beltway yote aliendesha bila redio, masikio yanamwaka moto. Kila alipolikumbuka lile "nilishiba" alijikunja kwenye usukani kama aliyekanyaga mwiba.

Kule Lanham mlango ulifunguliwa na Mwanamwema, mamake Yumna, mtandio kaukaza. Hakusema karibu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo. Unaiona nyumba ya Warumi?"

Ilikuwa juu ya meza karibu na mlango, ya karatasi ngumu, paa limefunuliwa.

"Naiona."

"Nioneshe kubikulamu."

"Mama, naona haya."

"Haya ungeona kabla hujashika simu. Onesha!"

Kidole cha Nadir kikapita juu ya ukumbi wenye kidimbwi cha maji ya mvua, kikavuka chumba cha kazi cha mwenye nyumba, kikatua penye makochi matatu na vibakuli vya udongo.

"Hiki hapa. Yumna aliniambia Warumi walikuwa wakila wamejilaza. Nilipoona makochi nikajua ndicho. Wallahi, Mama, nilikuwa naisifu biriani yako!"

"Hicho ni trikliniamu, ndicho cha kula," Yumna alisema kutoka ngazini, macho mekundu.

Kutoka chumbani kikasikika kikohozi. Kikaja kingine, hicho kikamshinda mwenyewe, kikageuka kicheko. Mzee Abdulghafur, babake Yumna, alikuwa akisikiliza muda wote nyuma ya mlango.

"Mwanamwema! Mwambie Jumapili alete wazee wake. Lakini simu yangu asiipigie tena!"

Nadir akashusha pumzi. Yumna hakushusha. Alikaa kwenye ngazi, uso kaufunika kwa viganja.

"Nyinyi mnacheka. Mimi Ami Fuad nitamtazama vipi?"

Nadir akaiacha ile nyumba ya karatasi, akamgeukia.

"Nisamehe, Yumna. Nitakwenda kwake mimi, leo hii, nimwambie nilivyo bwege. Aibu ni yangu, wewe usiibebe."

"Utamwambia kila kitu?"

"Mpaka makochi."

Yumna akafunua uso. Kicheko kilimponyoka na machozi bado hayajakauka. Hapo ndipo Nadir angenyamaza, lakini mtu akisamehewa upesi huota pembe.

"Ila Mama, tuseme kweli, kosa si langu peke yangu. Jina lenyewe kubi-kula-mu. Kula si imo humo ndani?"

Mwanamwema alimtazama kutoka viatuni mpaka utosini.

"Na wewe jina lako Nadir, kitu cha nadra. Mbona wajinga kama wewe wamejaa?"