Mkate wa Khisa

Jumamosi moja ya Agosti, mwaka wa elfu mbili na saba, Kui alikuwa akikatiza soko la Kitale na kreti ya mikate kichwani. Alivaa rinda la maua na aproni nyeupe, na unga ulikuwa umemganda kwenye nyusi. Mbele ya kibanda cha filamu akasimama ghafla. Runinga tatu zilionyesha watu wakipigana. Ya nne ilionyesha msichana wa katuni ya Kijapani akipaka keki krimu, polepole, kama anayembembeleza mtoto.

"Madam, unanizibia wateja," mwenye kibanda akasema. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la buluu lililopigwa pasi vizuri.

"Huyu msichana atapigwa saa ngapi?"

"Hapigwi. Ni duka la keki tu. Wakikosana, wanapika, wanakula, wanasameheana."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Kwani wewe unataka apigwe?"

Kui akacheka hadi kreti ikayumba. Siku zile watu waliokimbia risasi za Cheptais, kwenye Mlima Elgon, walikuwa wakilala kwenye varanda za maduka mjini. Kuona mahali ambapo ugomvi unaishia mezani kulimfanya atamani kuingia ndani ya ile runinga.

Kijana aliitwa Jairus Khisa, Mbukusu wa Bungoma. Kila Jumapili baada ya kanisa alileta katuni zile kwenye duka la mikate la babake Kui, Mzee Ngige, wakatazama pamoja huku tanuri likipoa. Katikati ya wiki Khisa alikuwa akipiga simu.

"Sasa, keki yangu?"

"Keki ni ya wenye pesa. Mimi ni mkate."

"Basi mkate wangu, umekula?"

Uchaguzi wa Desemba ukaja, matokeo yakatangazwa, na mji ukawaka. Vijana wenye mapanga walienda duka kwa duka wakiuliza mwenyewe ni kabila gani, wakisaka watu wa kabila la kina Kui. Jirani mmoja alikatwa shingo mlangoni pake. Kui na babake walitoroka kwa mlango wa nyuma wakajificha nyuma ya ua wa kanisa, ng'ambo ya barabara. Kutoka hapo Kui alimwona Khisa akija mbio na kopo la rangi nyekundu. Akaandika kwenye mlango wa duka lao: MALI YA KHISA. MBUKUSU. Vijana wakashangilia.

"Umemwona mpenzi wako?" Mzee Ngige akanong'ona. "Hajangoja hata tufe."

Khisa alipiga simu mara kumi na moja siku hiyo. Kui alikata zote. Kesho yake hakukuwa na simu tena.

Walikaa kambini uwanja wa maonyesho miezi miwili, wakinywa uji na kuzika watu. Mwezi wa Machi, baada ya wakubwa wa siasa kupatana, Kui alivaa rinda la msaada lililompwaya akaenda Bungoma, nyumbani kwa kina Khisa. Alitaka duka la babake, na alitaka kumtemea Khisa mate usoni.

Dadake Khisa, Agneta, alimfungulia mlango.

"Ati ndiye wewe Kui? Si ungengoja tumzike kwanza ndio uje?"

Khisa alikuwa kitandani. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kifundo, umefungwa bandeji. Mate yakamkauka Kui mdomoni.

"Nani alikufanya hivi?"

"Wale vijana walirudi kesho yake, wakanikuta dukani," Khisa akasema. "Wakasikia duka ni la Mzee Ngige. Wakaniambia, kama ni lako, tupikie mkate tuone. Nikaanza kukoroga siagi na sukari."

"Siagi? Kwa mkate?"

"Si ndivyo yule msichana wa katuni hufanya?"

"Khisa! Hiyo ni keki! Na hamira?"

"Sikutia. Ukatoka kama tofali. Wakanipiga na trei, halafu mmoja akaleta panga. Askari walifika kabla hawajachoma. Duka liko, Kui. Niliandika jina ili wapite tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipiga, ukakata. Kisha wakaniibia simu."

Kui akapiga magoti kando ya kitanda, akalia hadi rinda likalowa.

"Zile katuni zilitudanganya, bana."

"Hapana. Ni vile wale vijana hakuna mtu aliwahi kuwaonyesha." Akautazama mkono uliofungwa bandeji. "Nilitaka kukuomba nikuoe mwaka mpya. Sasa pete nitakuvisha na mkono gani?"

"Wa kushoto si upo?"

"Utaweza kuishi na mtu hawezi kukanda unga?"

"Hata ulipokuwa na yote miwili hukuweza."

Agneta, aliyekuwa amesimama mlangoni amekunja uso, alishindwa kujizuia akacheka. Akaenda kuweka chai.

Simu ya Kui ikalia. Alikuwa babake.

"Umemwona huyo mwizi?"

"Nimemwona, Baba. Alikatwa mkono akilinda duka lako."

Upande wa pili wa simu, Kui alisikia watoto wa kambini wakilia, na babake akivuta pumzi.

"Mkono gani?" Mzee Ngige akauliza, sauti imepasuka.

"Wa kulia."

"Usitoke hapo. Nakuja mwenyewe kumsalimia."