Kibali cha Kula Obusuma

Khisa alifariki mwaka 1994, katika hospitali ya Kakamega. Jioni hiyo, nyumbani Navakholo, mkewe Navalayo alimtengea kikombe cha chai kwa mazoea. Akakitazama mpaka kikapoa.

Baada ya mazishi, shemeji yake Cornelius, ndugu wa Khisa, alikuja na maneno matamu.

"Shemeji, umechoka. Nenda kwenu Shianda upumzike. Miwa tutakulindia."

Navalayo alishukuru. Alifunga nguo na sufuria, akajitwika. Langoni alikutana na jirani yake Risper, muuza viazi vitamu sokoni.

Risper alijulikana kote kwa kuwafundisha wanawake haki zao. Kicheko chake kilisikika ng'ambo ya mto. Siku moja alifungiwa selo kwa kufanya mkutano bila kibali. Alipotoka alilalamikia jambo moja tu: uji haukuwa na sukari.

"Polisi siwaogopangi," alisema. "Naogopanga chura."

Ilikuwa kweli. Akiona chura, alipanda juu ya kiti.

"Mama Isaiah, wapi na sufuria?" aliuliza, akimwita Navalayo kwa jina la mwanawe.

"Kwetu. Shemeji amenionea huruma."

"Huruma! Na mgeni aliyekuwa akipima shamba lako jana, alikuwa anapima huruma?"

Navalayo alitua mzigo.

"Watauza? Mimi na watoto tutalala wapi?"

"Hapa hapa. Kwenda kwenu hakukunyimi haki, lakini nyumba tupu huuzwa haraka. Sikiliza. Mali ya marehemu haiuzwi wala haigawanywi kabla mahakama haijamteua msimamizi. Na mke ndiye wa kwanza kufikiriwa. Twende kwa chifu akuandikie barua ya kuwataja warithi, kisha mahakamani Kakamega."

"Na Cornelius akija kunitoa?"

"Akukute unakula. Na usile peke yako."

Jumamosi wanawake walifurika uani kwa Navalayo. Huyu alileta unga, yule mboga, mwingine ingokho, kuku mzima anayepiga kelele. Risper alikuwa akieleza habari za mirathi huku mdomo umejaa, ndipo Cornelius alipoingia na chifu.

"Chifu, tazama! Mkutano!" Cornelius alipaza sauti.

"Mna kibali?" chifu aliuliza.

Risper alimega tonge la ugali. "Bwana Chifu, hiki ni chakula. Kibali cha kula obusuma kinatolewa wapi, nikakichukue?"

Wanawake waliangua kicheko. Chifu alijikaza, akashindwa, akacheka pia.

Navalayo alisimama.

"Bwana Chifu, mbele ya watu wote hawa: shemeji anaweza kuuza shamba la Khisa?"

Chifu aliacha kucheka. "Hawezi. Mpaka mahakama iamue. Njoo Jumatatu nikuandikie barua."

Cornelius alitazama chini. Risper akamsukumia sahani.

"Keti, shemeji yetu. Hasira haishibishi."

Cornelius aliketi, akala paja la kuku.

Kesi ilichukua muda, na Risper alimsindikiza Navalayo kila mara. Mwishowe mahakama ilimteua Navalayo kuwa msimamizi. Yeye na watoto wakabaki kwao, na miwa ikavunwa.

Risper alifariki mwaka 1998. Cornelius alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi.

Sasa Navalayo ndiye anayeuza viazi pale sokoni, na wajane wanaouliza alipo Risper huelekezwa kwake.