Rupia Yenye Uzi Mweusi

Rupia ililia yenyewe ndani ya mkebe, mchana kweupe, na hakuna aliyeigusa.

Bulaimu wa Kasongo alikuwa anaujua mlio huo. Tangu vita ya Wadachi iishe, wachuuzi walileta kutoka Kigoma mikebe ya sarafu za kigeni zisizotumika tena, wakaziuza kwa bei ya shaba. Yeye alizigonga moja moja juu ya jiwe. Iliyolia kwa muda mrefu ni fedha, ya kumuuzia Abdallah, mfua bangili. Masikio alikuwa nayo, hilo hatumnyimi. Akili sasa, Mungu wangu!

Siku hiyo iliyolia yenyewe ilikuwa rupia yenye tundu, uzi mweusi umepita ndani. Kasongo nzima inajua: uzi mweupe ni kinga ya mtoto, mweusi ni jini aliyefungwa akatupwa mtoni Lualaba. Bulaimu akasema ni uchafu tu, akaukata kwa wembe. Abdallah alikuwa amemwahidi bangili ya mtoto kwa fedha ya siku hiyo.

"Baba Cécilia," mke wake Régina alinong'ona, mtoto wao Cécilia mgongoni, "unasikia harufu ya matope ya muto?"

"Ni mvua."

"Mvua iko wapi?"

Akacheka, akaipeleka fedha kwa Abdallah, na rupia ile ndani yake. Aliporudi, Cécilia alikuwa amekataa kunyonya, mwili baridi, na sakafuni nyayo za maji zilitoka mlangoni hadi kwenye mkeka wake, zikamzunguka, zikaenda kwenye mkebe, zikarudi, na kila unyayo ulipokauka mwingine ulitokea kando yake, na mguu wenyewe hawakuuona.

Wakamwita Mama Apolline, mganga. Alinusa, akauokota uzi uliokatwa.

"Lete ile rupia, niifunge tena. Ikiyeyuka, jini atakaa kwa mwenye kuvaa fedha yake. Kimbia!"

Bulaimu alikimbia mpaka kifua kikamuuma. Abdallah alikuwa anazima moto.

"Tumepishana," alisema akitabasamu. "Bangili ya mutoto nimeisha kuipeleka, nikamuvika mwenyewe."

Nyumbani harufu ilikuwa imekwisha, sakafu kavu.

"Amenyonya!" Régina alilia kwa furaha. "Ila Mama Apolline amekimbia, hata kapu lake ameliacha."

Cécilia alimtazama baba yake, akatikisa mkono. Bangili haikuwa na njuga, lakini ililia, kwa muda mrefu. Bulaimu alipotaka kuivua, mtoto alimshika kidole. Mkono ulikuwa wa mtoto. Nguvu hazikuwa zake.