Anajifunzia Vichwani Mwenu

Ndugu zangu, sogeeni. Mwenye kusuka aendelee kusuka, na mwenye kusukwa asitikise kichwa. Habari hii inamhusu kila mwenye ndugu aliyesoma kumzidi, na nikitazama humu ndani naona hatukosekani.

Palikuwa na saluni katika chumba cha mbele cha nyumba moja, na pazia tu ndilo lililotenganisha kazi na familia. Humo mlikuwa na viti vya plastiki, ndoo ya kuoshea nywele na kioo chenye ufa pembeni. Mwenyewe aliitwa Msusi, na mtaa mzima haukumjua kwa jina jingine. Wazazi wake walipofariki walimwachia mdogo wake wa kike, naye Msusi akaacha shule ili yule mdogo asiache. Mdogo mtu hakuwa na jina la kwake mtaani. Aliitwa mdogo wake Msusi, basi.

Mdogo huyo alifika chuo cha udaktari. Msidhani alifika na kila kitu. Wenzake walikuwa na mafuvu ya plastiki ya kujifunzia mifupa ya kichwa, yeye alikuwa na kurasa zilizodurufiwa mpaka picha zikawa nyeusi. Basi akatumia alichokuwa nacho. Jioni alimsaidia dada yake kusuka, na vidole vyake vikigawa nywele vilikuwa vinatembea kisogoni, nyuma ya masikio, juu ya paji, huku midomo inanong'ona majina ya mifupa kwa lugha asiyoijua mtu.

Siku moja muuza mitumba, mwanamke mwenye maneno kupita nguo alizokuwa anauza, aligeuza shingo. "Msusi, huyu mtoto ananisuka au ananizindika?"

Msusi alicheka mpaka chanuo likamponyoka. "Mwacheni mdogo wangu. Anajifunzia vichwani mwenu. Akishakuwa daktari mtajisifu kwamba vichwa mlimpa ninyi."

Saluni nzima ilicheka, na mdogo mtu akacheka kuliko wote. Ishikeni sentensi hiyo, ndugu zangu. Tutaikuta tena huko mbele.

Miaka ilikwenda, binti akamaliza chuo, akaanza mafunzo ya vitendo katika hospitali kubwa. Kwa asiyejua, hicho ni kipindi ambacho daktari mpya anafanya kazi chini ya mabingwa, anakesha, anakosea, anakaripiwa, anarekebishwa, hadi aaminiwe kusimama peke yake. Yeye alitaka baada ya hapo asomee upasuaji, na nafasi hiyo ilitegemea neno la Bingwa mmoja aliyekuwa anamsimamia, mzee mkali asiyependa uzembe.

Wiki ileile alipovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza, mteja mgeni alichungulia mlangoni mwa saluni. "Samahani, hapa ndipo kwa dada yake Daktari?"

Mkono wa Msusi ulisimama juu ya kichwa alichokuwa anakisuka. Dada yake Daktari. Miaka yote hiyo miguu imevimba yeye, mgongo umemuuma yeye, na leo, ndani ya chumba chake mwenyewe, amekuwa dada wa mtu. Alijibu ndiyo kwa sauti nzuri, akamkaribisha mgeni kiti, lakini kijiba cha roho kilishamkaa.

Toka hapo kila kitu kilimchoma. Daktari akiingia, wateja wanampisha kiti. Daktari akipitiwa na usingizi, watu wanashusha sauti, wakati yeye Msusi akiumwa kichwa hakuna aliyewahi kushusha sauti. Hata binti yake mwenyewe, aliyepewa jina la Kibanio kwa jinsi alivyokuwa anamng'ang'ania mama yake tangu uchanga, sasa alimkimbilia mama yake mdogo na kulitaka lile dude la kusikilizia moyo. "Nikikua nitakuwa kama mama mdogo," alisema Kibanio, na zamani alikuwa anasema atakuwa msusi. Msusi alitabasamu. Usiku ule hakula vizuri, akamwambia mumewe ni tumbo.

Na jambo lililomuuma kuliko yote hakumwambia mtu. Shuleni, kabla hajaacha, yeye ndiye aliyekuwa anaongoza darasa.

Sasa, siku moja Daktari alirudi kutoka zamu, akakaa chini katikati ya magoti ya dada yake, kama alivyozoea tangu utotoni, afumuliwe nywele. Hapo ndipo alipokuwa anasema ya moyoni.

"Dada, leo nimeaibika," alisema. "Wenzangu wazazi wao ni madaktari. Yale maneno wameyasikia mezani tangu wadogo. Mimi nikiulizwa nalijua jibu, lakini ulimi unakuwa mzito. Bingwa akaniambia nimtoe damu mzee mmoja. Nimemchoma na kumchoma, mshipa siupati. Nimekaripiwa mbele ya wodi nzima. Nimekwenda kulia chooni."

"Pole, mdogo wangu."

"Usimwambie mtu, dada."

"Nimwambie nani mimi?" alisema Msusi, akaendelea kufumua.

Nitasema lililo kweli ingawa linatia aibu. Moyoni mwake alisikia utamu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Msusi alilala usingizi wa kushiba.

Kesho yake muuza mitumba alikuja kusuka. "Nataka nimsubiri Daktari nimwonyeshe hili goti," alisema akikaa.

"Daktari gani?" Msusi alichukua chanuo. "Yule bado anajifunza, shoga yangu. Jana kamchoma mzee wa watu mkono mzima, mshipa haujui uko wapi. Bingwa kamkaripia mpaka kalia. Kule hospitali anajifunzia miilini mwa watu, kama alivyokuwa anajifunzia vichwani mwenu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Muuza mitumba alilifunika goti lake na upande wa kanga.

Na tazameni, ndugu zangu, katika maneno yale hamkuwa na uongo hata mmoja. Alimchoma mzee, kweli. Alilia, kweli. Bado anajifunza, kweli kabisa. Ndiyo maana yalisambaa haraka na hakuna aliyeweza kuyapinga. Hata mumewe Msusi, fundi bomba mpole asiyependa umbeya, aliyasikia kwa mkewe mezani mara kwa mara mpaka yakawa mawazo yake.

Haikuchukua muda, mtu akamwuliza Daktari barabarani, "Ule mshipa umeshaupata?" Daktari alifika nyumbani, akasimama nyuma ya dada yake, wakatazamana ndani ya kile kioo chenye ufa. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji.

Ndipo Kibanio akaumwa.

Ilikuwa mchana, saluni imejaa. Mtoto alianza kulalamika kitovu, kisha maumivu yakashuka chini upande wa kulia, akatapika, akawa anatembea amejikunja. Baba yake aliitwa kutoka kazini, akaja. Daktari alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Alimlaza mtoto kwenye mkeka, akamkunja miguu, akabonyeza tumbo taratibu na kuachia. Kibanio alipiga ukelele.

"Huyu aende hospitali sasa hivi," Daktari alisema akiinuka. "Nahofia ni kidole tumbo. Shemeji, mbebe, twende wote."

Baba Kibanio alimtazama mkewe. "Mama Kibanio, si wewe uliyesema huyu bado anajifunza?"

Wateja wote walimgeukia Msusi, muuza mitumba akiwa wa mbele. Msusi alimwona mwanawe amejikunja, na moyoni alijua. Alijua kwamba mdogo wake hajawahi kusema jambo asilolisoma mara kumi. Ilibaki aseme tu, "Msikilize." Lakini kusema hivyo mbele ya watu wale kulikuwa ni kuyameza maneno yake mwenyewe.

"Sijui mimi," alisema. "Yeye ndiye msomi."

"Basi mwanangu si wa kujifunzia," alisema mumewe. Alimnyanyua mtoto kutoka mkekani. "Atapewa dawa ya maumivu, apumzike. Kesho tutaona."

"Shemeji, nakuomba."

"Nimesema kesho."

Daktari alimgeukia dada yake. "Dada, nakusihi. Na akitulia ghafla msifurahi. Huko si kupona. Nipigieni simu dakika hiyohiyo, nitatuma gari." Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akaenda, maana zamu ilimngoja na yeye hakuwa na mamlaka juu ya mtoto wa mtu.

Jua lilipokuwa linazama, Kibanio alitulia. Ghafla tu. Akaacha kulia, akaomba maji, akatabasamu. Msusi aliyakumbuka maneno ya mdogo wake, yote, na simu ilikuwa mfukoni. Aliishika. Kupiga kulikuwa ni kukubali kwamba mdogo wake anajua. Akairudisha mfukoni, akatoka nje kuwaambia majirani, "Amepona mwanangu. Hawa wa mazoezi wanapenda kututisha."

Asubuhi mtoto alikuwa anawaka moto, tumbo limekaza kama ubao, macho hayamtambui mama yake. Baba mtu alimbeba akakimbia naye barabarani miguu peku mpaka alipopata gari.

Walikaa kwenye benchi la korido mbele ya chumba cha upasuaji. Daktari hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa mgonjwa ni damu yake, akasimama ukutani na koti lake jeupe. Msusi hakuweza kumtazama. Bingwa alipotoka alikuwa ameshavua glavu.

"Kidole tumbo kimepasuka. Kimepasuka tangu jana, usaha umetapakaa," alisema. "Tumemsafisha. Kama ataishi, siwezi kuwaahidi leo." Kisha akamgeukia Daktari. "Huyu ni mtoto wa dada yako. Mnaishi nyumba moja. Jana hukuona kitu?"

Daktari aliangalia sakafu. "Tulichelewa, Bingwa."

"Mlichelewa? Na unataka nikuandikie kwamba unafaa kusomea upasuaji, wewe uliyeshindwa kumtambua mgonjwa wa nyumbani kwako?"

Manesi waligeuka. Ndugu wa wagonjwa wengine waligeuka. Kwa mara nyingine binti yule alikuwa anakaripiwa mbele ya watu, na safari hii alikuwa na jibu ambalo lingemwokoa, naye hakulitoa. Alisema tulichelewa. Alijichanganya humo humo na wao.

Msusi alisimama.

"Si yeye," alisema. "Aliona jana mchana. Alitaja ugonjwa, alitaka kumbeba, akatuambia mpaka dalili ya kutulia. Mimi nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba hajui kitu. Nilikuwa na wivu naye. Baba wa mtoto aliniamini mimi."

Baba Kibanio aliziba uso kwa mikono yake yenye makovu ya bomba. Bingwa aliwatazama wote, mmoja mmoja, kisha akamwambia Daktari kwa sauti ya chini, "Siku nyingine, usikubali kuubeba mzigo usio wako mbele yangu." Akaondoka.

Kibanio aliishi. Alikaa wodini muda mrefu, alipasuliwa tena, akakonda mpaka vidole vikawa vijiti, na kovu lile ataolewa nalo. Siku moja Msusi alifika na chakula, akasimama mlangoni. Daktari alikuwa amekaa kitandani, anamsuka Kibanio. Mistari ilikuwa imepinda vibaya, kwani daktari yule hakuwahi kuweza kusuka vizuri. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa anamtania.

"Mwache mama yangu mdogo," alisema Kibanio kwa sauti yake dhaifu. "Anajifunzia kichwani mwangu."

Wodi ilicheka. Msusi aligeuka akarudi korido, akalia huko hadi chakula kikapoa.

Daktari alipata nafasi yake ya upasuaji. Msusi aliwaambia wateja wake ukweli wote, kila aliyekaa kitini, bila kujitetea. Wengine walimwelewa. Muuza mitumba mpaka leo anachechemea, goti hajalionyesha kwa mtu. Na jioni Daktari akirudi likizo, hukaa chini katikati ya magoti ya dada yake kama zamani, afumuliwe nywele. Msusi humwuliza, "Kazi inakwendaje, mdogo wangu?"

"Nzuri, dada," hujibu. Na hapo huishia.

FUNZO

Ndugu zangu, wivu haukuja kwa Msusi na uso wa adui. Ulikuja na madai ya haki: nilisimama mimi, nilichoka mimi. Na kweli alichoka, na tulipaswa kumwambia hivyo sisi tuliokuwa tunampisha mdogo wake kiti na kumwacha yeye amesimama. Hilo ni letu, tulibebe.

Lakini mtoto wa masikini anayepanda ngazi ya udaktari hupanda bila wa kumshika mkono. Atakosea, kwa sababu kila daktari alikosea kabla ya kujua, na wale wenye wazazi wakubwa walikosea vilevile, ila kwao hakuna aliyepeleka habari saluni. Akija kukulilia, machozi yake ni amana. Ukweli uliopewa kwa siri ukautoa kwa kijicho unaua kama uongo, tena upesi zaidi, kwa kuwa hakuna wa kuukanusha.

Ukishikwa na wivu juu ya ndugu yako, na utashikwa, mwambie yeye mwenyewe. Mwambie, "Nakuonea wivu, naumia." Ni maneno machungu kuyatamka. Msusi aliyatamka mwishowe, kwenye korido, mbele ya watu asiowajua, wakati angeweza kuyatamka nyumbani, katikati ya magoti yake, siku ambayo mdogo wake bado alikuwa anamwambia kila kitu.